Mhakiki wa Pili Hajitaji

Usiku wa jana niliota nakoroga uji. Mara ukuta wa jiko ukafunguka kama kurasa, nikajikuta ofisini kwa mwanangu Nakiete, mwiko bado mkononi. Nakiete ni profesa wa baiokemia, tena ndiye mhariri wa jarida lao la kisomi.

Nakiete hayupo. Kiti chake ndicho kinachoongea.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba. Kiti chenye adabu hakinyimwi salamu.

"Tulikuwa tunakungoja. Wewe ndiwe mhakiki wa pili."

"Mhakiki ndiye nani?"

"Anayepima makala ya mwenzake akasema inafaa au haifai."

"Baba, mimi nimeishia darasa la tatu."

"Yule uliyeshika nafasi yake ana shahada nne. Tangu Januari anasema kesho."

Kikanieleza bila kutikisa mguu: mhakiki wa pili asipojibu kabla ya saa sita usiku, jarida halitoki, na lisipotoka, Nakiete hakikalii tena. Saa ya ukutani inasema saa sita kasoro dakika tano. Inasema kwa mdomo.

Sheria yao, mhakiki asimwone mwandishi, wala asijitaje kwake. Basi droo mbili zikanifunga macho kwa kanga yangu mwenyewe. Makala ikaletwa, iko ndani ya bakuli. Kwa harufu, ni uji wa ulezi uliotiwa kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa.

"Kabla hujaonja," kiti kikasema, "una undugu na mhariri? Ndugu haruhusiwi."

Nasikia mtu anavuta kamasi nyuma ya mlango. Ni Nakiete. Anavuta vile tangu ana miaka miwili.

"Mama, sema hunijui," ananong'ona. "Nakuomba. Miaka ishirini nimekisotea hicho kiti."

"Nilikaa leba siku mbili kwa ajili yako, leo nikukane mbele ya fanicha?" Nikakigeukia kiti. "Ni mwanangu. Andika."

Saa ikaguna. Nikasema liwalo na liwe, nikaonja.

Mzito kama gundi!

"Nani katia kimea uji ungali unachemka? Mmekiua!"

Ndani ya bakuli nasikia kiumbe kidogo chenye mkasi. Nakiete hukiita kimeng'enya. Kazi yake kuukata wanga vipande vipande, uji uwe mwepesi na mtamu. Kikajibu kwa sauti ya mgonjwa, "Waambie, bibi. Nimeungua, hata mkasi siwezi kuushika."

"Pozeni kwanza, wanangu," nikasema, "mpaka kidole kivumilie humo mkihesabu kumi. Ndipo mtie kimea. Hii haifai hivi, irudiwe."

Kiti kikapekua kitabu cha sheria, kikarudi nyuma, kikapekua tena.

"Sheria inamkataza ndugu kusifu," kikasema mwishowe. "Kuhusu ndugu anayekaripia, haisemi kitu. Jibu limepokelewa."

Saa ikatamka saa sita, kanga ikanifunguka machoni. Nakiete akaingia, akaketi, na kiti kikanyamaza kama viti vingine.

Nikaamka. Chai haijachemka, simu ikalia.

"Shikamoo mama! Jarida linatoka! Yule mhakiki wa pili kajibu usiku, saa sita kasoro, baada ya kutuzungusha miezi yote hii. Mistari miwili tu, na jina hakuweka. Sijui ni profesa gani huyu, mama. Anatuita 'wanangu'."

Nikamwuliza kama ameshakunywa chai. Sheria ni sheria.