Mtoto Asiyeonekana Kwenye Filamu

Mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, na jina hilo lilimkaa vizuri kama nguo aliyojipima mwenyewe. Alikuwa akishona tangu mumewe alipofariki na kumwachia watoto wawili wadogo na mashine moja ya kukanyaga kwa miguu. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kike, na kila mtu alimwita Dada, hata wateja waliomzidi umri. Wa pili, wa kiume, aliitwa Profesa, kwa kuwa utotoni aliuliza maswali mpaka watu wakaomba po. Dada sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na kila asubuhi alikuja kibandani kwa mama yake, wakakaa bega kwa bega, kila mmoja na mashine yake. Profesa alikuwa mwongozaji wa filamu.

Hakutengeneza filamu za kurushiana ngumi. Za kwake, kwa maneno yake mwenyewe, zilikuwa za kumfanya mtazamaji afikiri. Bi Cherehani hakuzielewa sana. Aliona tu kwamba zinakatika kabla ya kuisha, watu wanabaki wameduwaa vitini, halafu wanapiga makofi. "Mwanao anatufikirisha," walimwambia, naye alitabasamu kama mama yeyote anayesifiwa mtoto.

Siku moja Profesa alipita kibandani akawaletea kadi mbili za mwaliko.

"Hii mpya ni yenu," alisema.

"Yetu kivipi?" Dada akauliza bila kuinua macho kwenye pindo.

"Mtaona wenyewe."

Jumamosi ile walifunga kibanda mapema. Bi Cherehani alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, Dada akampulizia manukato shingoni, wakaenda wakicheka njia nzima. Ukumbini waliwekwa safu ya mbele, kwenye viti vya kitambaa chekundu vilivyochakaa pa kuegemeza mikono. Taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa ya mama fundi na binti yake. Mama yule wa kwenye filamu alishika pini mdomoni, upande wa kushoto, na alizungumza nazo hivyohivyo bila kuzidondosha. Dada akamfinya mama yake mkono, akanong'ona, "Wewe huyo." Wakacheka tena. Kisha binti akatolewa shule. Mwalimu wake akaja mpaka nyumbani kumwombea, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na mama akaendelea kushona kama anayesikia upepo. Hapo kicheko kikawaishia wote wawili, kwa sababu mwalimu wa Dada alikuja kweli, na kofia aliishika vilevile.

Bi Cherehani akaanza kumngoja mtoto wa kiume. Kila mlango ulipofunguliwa kwenye filamu, alidhani ndiye anayeingia. Alimtafuta kitandani, akamtafuta mezani, akamtafuta kati ya watoto waliokuwa wakicheza nje. Hakuwepo. Nyumba ile ilikuwa ya mama na binti tu. Mwishoni mama alichukua shati jeupe la shule la binti, akalifumua, akalikata upya na kumuuzia mteja. Binti akaliona likipita barabarani mgongoni mwa mtoto mwingine. Akamgeukia mama yake. Macho ya mama yakajaa skrini nzima ya ukumbi, makavu, bila jibu, na giza likaingia.

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Bi Cherehani hakupiga. Lile shati alilijua, lilikuwa la Dada. Alikuwa amelipunguza mabega kwa mikono yake, na vifungo alivihamisha kutoka upande wa kike kwenda upande wa kiume, ili Profesa asichekwe darasani. Mwaka ule aliofiwa hakuwa na uwezo wa kusomesha wawili, na alisomesha mmoja. Profesa alilivaa shati lile mpaka kola ikalika, mama yake akaigeuza kola, naye akalivaa tena.

Ukafuata mjadala. Profesa alikaa jukwaani pamoja na mama mmoja mwendesha mjadala, na kipaza sauti kikazungushwa ukumbini. Kijana mmoja aliuliza kwa nini mama yule alimtoa binti shule.

"Hilo nimewaachia ninyi," Profesa alijibu. "Nikisema mimi, mtaacha kufikiri."

Basi wakafikiri. Mmoja alisema mama yule ni mchoyo. Mwingine akasema hakumpenda mtoto tangu tumboni, na kwamba ukimtazama usoni unaona. Mhadhiri mmoja wa chuo, mwenye sauti nzuri ya kusomea habari, alisimama na kusema, "Mimi naona ni wivu. Binti alikuwa anakaribia kumpita, na mama hakuvumilia." Vichwa vikatikisika kukubali, safu kwa safu. Bi Cherehani alimtazama mwanawe jukwaani. Profesa naye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefundishwa jambo.

Njiani kurudi Dada alitembea hatua mbili mbele. Siku mbili tatu alishona kimya, na mama yake akajifanya haoni. Kisha asubuhi moja, katikati ya kutia uzi kwenye sindano, Dada akasema, "Mama, uliwahi kunionea wivu?"

"Nani kakwambia hayo?"

"Hakuna. Nawaza tu. Si ndiyo kazi ya filamu."

"Unajua vizuri kwamba ndugu yako alikuwa anasoma."

"Najua alikuwa anasoma. Nami nilikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu alikuja, hukumtazama. Sijakuuliza habari za Profesa. Nimekuuliza habari zako."

Bi Cherehani akarudisha macho kwenye mshono. Mteja akaingia na suruali ya kupunguzwa, wakamhudumia kwa adabu zote.

Jioni hiyo alikwenda kwa mwanawe. Alimkuta kwenye chumba chake cha kazi, mapazia yamefungwa, picha ya yule mama wa filamu imesimama kwenye kompyuta, pini mdomoni.

"Uko wapi wewe humu?" alimuuliza kabla hata hajakaa.

Profesa akazungusha kiti. "Nilimwandika yule mtoto, mama. Sikufichi. Lakini kila alipoingia, filamu nzima ikawa yake. Watu wangemtazama yeye tu."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Na ingekuwa rahisi mno. Mama maskini, watoto wawili, anachagua wa kiume. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Nani angekaa kuifikiria?"

"Sisi tulikaa ndani yake."

Profesa akajaribu kumshika mkono. "Filamu si ushahidi wa mahakamani. Yule si wewe."

"Kama si mahakama, mbona nimehukumiwa?" Bi Cherehani akautoa mkono wake. "Mwambie dada yako. Mwambie shati lile lilikwenda wapi."

"Anajua lilikokwenda."

"Anataka lisemwe."

"Basi mwambie wewe. Mimi nimeshasema nilichoweza kusema."

Filamu ilirudiwa ukumbini palepale wiki iliyofuata, kwa maombi ya watu. Safari hii Bi Cherehani alikwenda peke yake, na gauni alilovaa lilikuwa la kazini, lenye vipande vya uzi. Alikaa safu ya nyuma. Aliitazama yote, na safari hii hakumngoja mtu yeyote. Mjadala ulipofunguliwa akanyoosha mkono, na kipaza sauti kikamfikia.

Profesa alimwona. Akashika kingo za kiti chake.

"Yule binti alikuwa na mdogo wake wa kiume," Bi Cherehani alisema. Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka ukutani, ikamtisha. "Mama aliweza kusomesha mmoja. Shati halikuuzwa. Lilivaliwa na huyo mdogo wake, na vifungo vilihamishwa upande."

Ukumbi ukatulia. Alidhani wameelewa. Alidhani sasa watageuka wote kumtazama mtu aliyekaa jukwaani. Badala yake mwanamke mmoja kijana, wa safu ya kati, akasema, "Jamani, tafsiri hiyo nimeipenda sana." Mwingine akapinga, akasema kama kungekuwa na mtoto wa pili tungeona hata kiatu chake. Wa tatu akasema hapana, ndiyo ufundi wenyewe huo, mtoto wa kiume anatawala nyumba bila kuonekana. Wakachachamaa. Bi Cherehani alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Tumuulize mwenyewe," mwendesha mjadala alisema. "Mwongozaji, yupo mtoto wa kiume humu ndani?"

Profesa alimtazama mama yake, na kwa muda uso wake ulikuwa uleule wa mtoto aliyesimama mlangoni akipimwa shati la mtu mwingine. Midomo yake ilifunguka. Bi Cherehani alimwona akilitafuta neno, na akaona alivyolipata jingine.

"Ni mtazamo mzuri," alisema. "Kila mtazamaji ana haki ya kuona filamu yake."

Wakapiga makofi. Walimpigia Bi Cherehani pia. Mtu mmoja aligeuka akamwambia amesema vizuri. Kijana wa vipaza sauti akakichukua taratibu kile alichokishika mkononi, kama unavyomwondolea mgonjwa kikombe.

Jumatatu alimweleza Dada yote. Hakungoja kuulizwa. Aliiweka tepu ya kupimia begani, akakaa.

"Nilimchagua yeye," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa na akili zaidi, na nilijua. Nilimchagua kwa sababu ni wa kiume, watu walinijaza hofu kwamba wewe utaolewa na mimi nitazeeka bila wa kunitazama. Mwalimu alipokuja sikuinua kichwa kwa sababu ningeinua ningelia. Haukuwa wivu. Ilikuwa woga."

Dada aliendelea kukanyaga mashine mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilijua tangu siku ile ulipovihamisha vifungo. Mimi ndiye niliyekushikia taa."

"Basi mbona ulikuwa unauliza?"

"Nilidhani ukisema litapungua." Alikunja gauni la mteja, akalinyoosha kwa kiganja. "Zamani nilikuwa silifikirii. Nilikuwa nashona tu, nacheka na wewe, siku inakwisha. Sasa kila nikikaa kwenye kiti hiki, nalifikiria. Mwanao ni fundi kweli."

Hakukuwa na ugomvi. Dada alisema amepata chumba cha biashara karibu na kwake, na kwamba watoto wanakua, ni vizuri kuwa jirani nao. Yote hayo yalikuwa kweli. Filamu ya Profesa ilipata tuzo mahali fulani mbali, akapiga simu akiwa na furaha nyingi na kelele za watu nyuma yake, akauliza hali ya kila mtu. Bi Cherehani alimwambia wote wazima.

Siku ya kuhamisha mashine, mwenye mkokoteni alikataa kuingia kibandani, akasema yeye ni wa kusukuma tu, si wa kubeba. Meza ya mashine ilikuwa nzito, ya chuma miguuni. Dada akashika upande mmoja. Akajaribu kuiburuta, ikagoma kwenye kizingiti. Bi Cherehani akainuka kwenye kiti chake, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine na kuzichomeka kifuani mwa gauni, akaenda kushika upande wa pili.

"Angalia vidole, mama," Dada alisema.

Wakainyanyua pamoja, wakaitoa nje.