Moto wa Mama Agnès

Juni ya mwaka 2017 Thérèse alichoka kabisa na mita ya umeme. Kampuni iliyouza umeme wa kulipia kabla katika jengo lao la Hillbrow, Johannesburg, ilijikatia ada yake kwanza, kisha ikakuachia yuniti za kuonja. Ukichemsha maharagwe, giza. Basi akaamua jiko la umeme likae pembeni, wapike kwa gesi.

Mumewe Pacifique, mlinzi wa ofisi moja Sandton, alikubali kwa sharti.

"Tujaribu miezi mbili. Kama pesa haibaki, tutaweka mupangaji kule nyuma ya pazia, na Mama ataenda kwa Victorine, Cape Town."

Nyuma ya pazia ndipo alipolala Mama Agnès, mama yake Pacifique na Victorine, aliyekuja kutoka Bukavu, Kongo, mwezi wa Machi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, alijitwalia sufuria siku ile ile. Thérèse aliyeshinda saluni akisuka vichwa vya watu alirudi jioni akakuta sombe, yaani kisamvu, imeiva na mtoto wao Arlène ameoga. Wapo mama wakwe wa kukimbiwa, sikatai. Lakini huyu Thérèse alimpenda, na kila akifikiria lile basi la kwenda kwa Victorine, moyo ulimuuma. Pacifique naye hakutaka, ila kodi haina huruma. Mama mwenyewe hakuambiwa lolote.

Mtungi wa kwanza, wa kilo tisa, ulitegemewa kumaliza mwezi. Uliisha siku ya kumi na moja.

Thérèse akaubeba hadi kwa Duni, Mtanzania wa Tanga aliyeuza gesi karibu na robot, yaani taa za barabarani.

"Kaka, umeniuzia upepo!"

Duni hakukasirika. Aliuweka mtungi mtupu kwenye mizani: kilo kumi. Akaujaza mbele ya macho ya Thérèse: kumi na tisa.

"Mizani haina undugu, dada yangu. Katazame jikoni kwako."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake akaomba ruhusa saluni, akarudi nyumbani saa tano asubuhi. Mama Agnès alikuwa ameketi akichambua mchele, shali mabegani. Jikoni moto wa buluu ulikuwa ukiwaka peke yake, juu yake hakuna hata kikombe.

"Mama, huu moto unapika nini?"

"Haipiki kitu. Maharage imeisha kuiva, nangojea saa sita niweke muchele."

"Sasa Mama, mbona haukuuzima?"

Mama Agnès akamtazama kwa huruma. "Mama Arlène, moto iko muzima, niuzime juu ya nini? Kuwasha tena si kuharibu makala?"

Hapo Thérèse akaelewa yote. Kwao Bukavu jiko la makala, yaani makaa, ukishaliwasha huliachi life bure: maharagwe yakitoka, maji ya kuoga yanaingia, kisha chai. Mama hakuwa mfujaji hata kidogo. Alikuwa akibana matumizi tangu alfajiri, kwa bidii zote, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kumsahihisha mama mkwe mbele ya jiko si jambo dogo, na Thérèse alitamani kurudi saluni akajifanye hakuona. Lakini mficha uchi hazai. Alipiga magoti, akaeleza kwamba moto huu ukiuzima hupotezi kitu ila kijiti kimoja cha kiberiti, na ukiwaka bure unakula gesi kutwa nzima. Kwa kuwa ameshaanza, akamwambia na habari ya mpangaji na ya Cape Town, machozi yakimlengalenga.

Mama Agnès aliweka mchele chini. Akainuka, akazima jiko. Kisha akaangua kicheko mpaka shali ikaanguka.

"Kumbe siku hizi zote nilikuwa nachoma kitanda yangu miye mwenyewe!"

Tangu siku hiyo maharagwe yalichemka nusu saa tu, sufuria ikafungwa ndani ya blanketi, yakamalizia kuiva humo humo. Mtungi wa pili ulidumu siku thelathini na nne. Pacifique alipiga hesabu mara mbili, akatabasamu, akampigia dada yake kumwambia Mama haji. Mama Agnès akamnyang'anya simu.

"Victorine, mutoto wangu, usinitandikie. Huku mimi ndiyo nazimaka moto."