Macho Niliyomwazima Shemeji

Majaji watatu wa rufani waliniachia huru bila kusema kwamba sikuua. Yule wa katikati alisoma kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Taa ya pikipiki inayokimbia, alisema, si mwanga wa kumtambulia mtu. Shahidi hakutaja jina lolote alipohojiwa mara ya kwanza, alitaja la mshtakiwa baada ya kulazwa mahabusu. Na maelezo ya kukiri yalipatikana kwa ahadi, hayafai. Basi si salama kumnyonga mtu kwa ushahidi wa namna hiyo. Askari magereza akanifungua pingu, akaniambia, "Haya bwana, nenda kaoge."

Shahidi mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, fundi wa kuchomelea vyuma. Mimi nilikuwa kibarua wake, namshikia nondo na kusugua kutu.

Siku ya mauaji alichomelea geti kutwa nzima na miwani iliyopasuka kioo. Nilimkanya. "Wewe shika nondo," akasema, "macho ni yangu." Jua linazama, macho yakaanza kumwaka kama yametiwa mchanga na pilipili. Mkewe alikuwa kazini, anafanya usafi hospitali. Nikamlaza chumba cha nyuma ya karakana, nikakata viazi vibichi, dawa yetu mafundi, nikamwekea machoni, nikafunga kitambaa juu. Analia, mtu mzima na ndevu zake.

Ndipo risasi zikalia duka la jirani, la vipuri.

"Nini hicho?" akauliza.

"Tulia. Wamemvamia mwenye duka."

"Wangapi?"

Nikachungulia dirishani, nikamnong'oneza kila nilichoona. Watatu. Mmoja kavaa koti refu, mwingine anachechemea. Pikipiki imewashwa taa. Mwenye duka kaanguka mlangoni. Nyuso sikuziona. Yeye hakuona hata kidole chake.

Kulipokucha polisi wakazoa mtaa mzima. Shemeji ana mdomo usiotulia. Akataka kuonekana mtu wa maana, akawasimulia yote niliyomsimulia, kana kwamba kayaona yeye. Mpelelezi akafurahi. "Sasa tutajie japo mmoja." Hana wa kumtaja. "Basi na wewe ulikuwa nao." Wakamlaza ndani. Asubuhi akanitaja mimi, kwamba ndiye yule wa koti refu, nikakamatwa.

Kisha akaletwa kwenye selo yangu, ameshika mkate.

"Shemeji, wamenibana. Kubali tu, watatuachia wote wawili, mkubwa kaahidi. Mbele ya hakimu utakana."

"Mbona hukubali wewe?"

"Mimi nina watoto."

Nikamwamini. Mtu ameoa kwenu, mnakula sahani moja, utamwamini nani mwingine? Nikatia sahihi.

Kwenye kesi nilieleza habari ya viazi. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nimedhani niko jikoni, watu wakacheka. Shemeji akapanda kizimbani na kueleza koti, mchechemeo, taa, kila kitu sawasawa. Namsikiliza, naona macho yangu mwenyewe yananifunga kitanzi.

Nilipotoka, baada ya miaka ya kungoja kunyongwa, nilikwenda moja kwa moja kwake, maana mama aliishi pale. Mama hakuja gerezani hata mara moja. Alisema mkwe wake hana sababu ya kumsingizia mwanawe. Hilo ndilo lililonitafuna ndani kuliko kamba, na nilikuwa na haja moja tu.

Nikamkuta shemeji uani, kanenepa.

"Karibu, shemeji."

"Unakumbuka viazi?"

Akainamisha kichwa. "Nakumbuka. Ulikata wewe."

"Kamwambie mama."

"Nikisema watanifunga mimi, kwa uongo wa mahakamani."

"Sitaki mahakama. Mama peke yake, na mlango tufunge."

Mdogo wangu akatoka ndani, anajifuta mikono. "Kaka, umeshatoka. Shukuru Mungu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amefungwa macho. Nilimfungua mwenyewe."

"Ukanyamaza."

"Ningefanyaje, kaka? Nimtoe baba watoto?" Akaanza kulia. "Wewe hukuwa na mtu."

Neno hilo liliniingia kuliko lolote la mwendesha mashtaka. Nilidhani nilikuwa na yeye.

Shemeji akainuka. "Twende. Nitamwambia."

Mama alikuwa kitandani, haoni tena vizuri. Shemeji akapiga magoti, akamshika mkono. "Mama, mwanao amerudi."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa." Nilimngoja kama nilivyowangoja majaji, na zaidi. Mdomo ukafunguka, ukafumbika, ukafunguka tena. "Majaji wamemsamehe, mama."

Mdogo wangu akatazama ukuta.

Mama akanyoosha mkono hewani, ananitafuta. "Kama wao wamesamehe, mimi ni nani? Sogea, baba. Nami nimekusamehe."

"Mama, sikuua."

"Yameisha. Usijitese."

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa anafuta machozi, na nadhani yalikuwa ya kweli. Ningemkaba palepale. Lakini mkono wa mama ulikuwa umeshanifika kichwani, unapapasa mvi ambazo hakuwahi kuziona, na nilikuwa nimeutamani mkono ule tangu siku waliponichukua. Nikauacha ukae. Alipopitiwa na usingizi nikatokea mlango wa uani bila kuaga, na tangu hapo hakuna mji niliokaa hadi majirani wakanizoea.