Vipimo vya Ijumaa

Kabla nchi haijaharibika, Mwalimu Nekoye alikuwa tayari amechoka. Mwaka wa 2007 alipewa darasa la tano lenye watoto sabini na wanne, katika shule ya msingi iliyo upande wa chini wa mji wa Nakuru, pale Mto Njoro unapopita ukielekea ziwani. Alipewa pia kompyuta tatu. Zilitoka kwa Sarla, mama mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na soko, ambaye alikuwa amenunua mpya na hakuwa na roho ya kuzitupa za zamani. Mwalimu mkuu aliziweka kwenye stoo ya majembe, akatia kufuli mlangoni, akampa Nekoye ufunguo.

"Wewe ndiye umesoma mambo haya," alimwambia.

Hakuwa ameyasoma. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu kule Njoro, na siku mbili kati ya hizo stima zilipotea. Lakini ni huko alikokaa meza moja na Mwalimu Jepkosgei, aliyefundisha darasa la tano katika shule moja ya huko juu, kando ya mto huohuo. Wakingoja stima zirudi, walipanga kazi yao. Watoto wa juu na watoto wa chini wangepima mto siku moja, kila Ijumaa, halafu waandike ripoti moja kwa pamoja. Kila shule ingekuwa na makundi sita, kila kundi la juu na mwenzake wa chini, na kila kundi lingekuwa na fimbo yake ya sentimita iliyosimikwa mtoni.

Kwa mdomo ilikuwa kazi nyepesi. Kwa vitendo, Nekoye alisimama stoo kila Ijumaa mchana akiita makundi matatu kwa mpigo, watoto kumi na wawili wakisongamana mbele ya kila kompyuta, mmoja akibonyeza na kumi na mmoja wakimwambia amekosea. Baadaye alitia disketi kwenye mkoba, akashika njia hadi kwa Sarla, akatuma majedwali Njoro na kuyachukua ya huko. Sarla alimwekea kiti pembeni.

"Mwalimu, kaa kwanza," alizoea kusema. "Hiyo mashine haikimbii."

Chini ya kila jedwali, wale wa juu walikuwa na mtindo wa kuandika maneno mawili matatu. Ya kundi la nne yaliandikwa na wasichana wawili, Wangare na Cheptanui. Walieleza kwamba ng'ombe wamechafua maji, kwamba jana wameona nyoka, kwamba wa chini wasiwalaumu wao kwa matope. Watoto wa Nakuru waliwajibu. Mburu, kiongozi wa kundi la nne la chini, aliwahi kuandika ukurasa mzima kuhusu kiatu kilichokuja na maji, akitaka kujua ni cha nani huko juu. Nekoye alisahihisha tahajia, akachoka, akacheka kidogo, akatuma.

Vipimo vya mwisho vya mwaka vilikuwa vya tarehe ishirini na tatu Novemba. Shule zikafungwa. Halafu uchaguzi, na fujo zilizofuata.

Kwa wiki tatu Nekoye alikaa kwa dadake Lanet, karibu na kambi ya jeshi, kwa sababu huko angalau mtu alipata usingizi. Shule ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena Februari. Darasa lake sasa lilikuwa la sita. Aliita majina, na mtoto asipoitika, wengine waliangalia madawati. Kufikia siku ya pili alikuwa amejifunza majina ya kuruka. Kati ya wale sabini na wanne, arobaini na tisa walikuwepo. Waliohamia kutoka kwingine walikuwa thelathini na wanane, wengi bila daftari, wengine bila sare. Mwalimu mkuu alimwambia awafundishe kama kawaida, na Nekoye hakuwa na nguvu za kumuuliza kawaida ni ipi.

Ijumaa ya kwanza ya Februari, simu yake ililia akiwa anafuta ubao. Ilikuwa meseji ya Jepkosgei: *Kundi la nne. Jan 11: 43. Jan 18: 43. Jan 25: 42. Leo: 42. Cheptanui amepima. Makundi mengine hayapo. Kompyuta zetu ziliibiwa. Uko salama?*

Nekoye aliisoma mara mbili, chaki mkononi. Mwezi mzima hakuwa amempigia Jepkosgei. Mwanzoni kadi za simu hazikupatikana, na zilipopatikana alikuwa anaogopa kile angeambiwa, au kile yeye mwenyewe angejikuta anasema. Tarehe ishirini na tano Januari ilikuwa siku ambayo Nakuru nzima ilijifungia ndani, na moshi ulionekana kutoka kila upande. Siku hiyo huko juu mtoto wa miaka kumi na miwili alikwenda mtoni na kusoma fimbo.

Alijibu, *Niko salama. Nimepokea.* Alitaka kuongeza neno lingine, akaliandika, akalifuta.

Wiki iliyofuata mama mmoja alimleta binti yake. Walikuwa wakilala katika ukumbi wa kanisa nyuma ya shule, pamoja na familia nyingine thelathini hivi. Mama alikuwa amevaa koti la mwanamume. Nekoye alifungua rejista akauliza jina la mtoto.

"Wangare," msichana alisema.

"Ulikuwa shule gani?"

Alipoitaja, Nekoye aliweka kalamu chini. "Wewe ni yule wa kundi la nne?"

Msichana alimtazama mamake. Mama akamwambia aende asimame nje kidogo, kisha akafunga mlango.

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Watu wa huko wasijue tuko wapi. Hata yule mwalimu wao, ni mtu mzuri, lakini hata yeye."

"Kuna mtu unamwogopa, Mama Wangare?"

"Sijui. Waliochoma nyumba walikuwa wamejifunika nyuso. Kwa hivyo sijui ni nani, na sijui ni nani siye." Alivuta koti. "Nimechoka kufikiria hiyo maneno. Usiwaambie tu."

Nekoye aliahidi. Ahadi yenyewe haikuwa ngumu kutoa. Ilikuja kuwa ngumu Ijumaa, ilipofika meseji ya Jepkosgei ikiwa na kipimo kipya, na chini yake: *Cheptanui anauliza kama umesikia chochote kuhusu Wangare.* Nekoye alijibu kuhusu kipimo, hilo lingine akaliacha. Ijumaa iliyofuata swali lilikuja tena, na ile nyingine pia. Alijiona kama mtu anayepita njia ya nyuma kumkwepa jirani.

Wangare alikaa dawati la mwisho na hakusema kitu. Alifanya hesabu zote sawa. Zamu ya kompyuta ilipofika, alisimama nyuma ya wenzake na kuficha mikono kwenye mikono ya sweta. Nekoye hakumsukuma.

Mwisho wa Februari, kundi la nne la chini lilikuwa likilinganisha majedwali, na Mburu akageuka kwenye kiti.

"Madam, hizi za huko juu ni za uongo."

"Kwa nini?"

"Angalia. Novemba walikuwa na thelathini na nne. Januari arobaini na tatu. Mvua haijanyesha. Wetu umeshuka kutoka ishirini na moja hadi kumi na nne, wao umepanda. Mto gani huo?" Alibonyeza kioo kwa kidole. "Hawaendi mtoni. Wanatunga. Wale watu ni waongo, hata baba anasema."

Kila mtoto alijua Mburu alimaanisha watu gani, na Nekoye alijua alipaswa kusema jambo hapo hapo. Alilitafuta hilo jambo. Alikuwa amelisema mara nyingi mno mwezi huo, barazani, darasani, kwa wazazi, kwa walimu wenzake, mpaka maneno yakawa kama sabuni iliyoisha mkononi.

"Hajadanganya," Wangare alisema kutoka nyuma.

Wote waligeuka. Wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake.

"Fimbo yetu ilivunjika chini," aliendelea, akiangalia sakafu. "Maji ya Oktoba yaliing'oa. Tulipoisimika tena, zile sentimita kumi za chini hazikuwepo. Kwa hivyo ukisoma arobaini na tatu, ni thelathini na tatu. Lazima utoe kumi."

"Mbona Novemba walitoa?" Mburu aliuliza.

"Mimi ndiye nilikuwa natoa. Nilikuwa natoa kwa kichwa halafu namwambia namba. Yeye alikuwa anashika daftari."

Mburu alirudi kwenye kompyuta. Alitoa kumi kwenye kila Ijumaa, polepole, midomo ikicheza. Thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na mbili, thelathini na mbili, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa ya mwisho. Mto wa juu ulikuwa ukishuka taratibu, kama wa chini.

"Sawa," alisema. Aliondoka kwenye kiti na kukiacha wazi. Baada ya muda Wangare alikuja akakaa. Aliandika kwa kidole kimoja, chini ya jedwali, mahali pale walipozoea kuandika: *Umesahau kutoa kumi. Fimbo ilivunjika chini. Wewe unajua kushika daftari tu.*

Kengele ililia. Watoto walitoka. Nekoye alibaki stoo akiyaangalia maneno hayo ya sentensi tatu fupi, na akajua yakifika Njoro, Cheptanui hatahitaji kuambiwa nani ameyaandika. Angeweza kuyafuta na kutuma hesabu peke yake. Angeweza pia kuyatuma na kusema baadaye kwamba hakuyaona. Alikuwa amechoka vya kutosha kufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliyanakili kwenye karatasi, akafunga stoo, akaenda kanisani.

Mama Wangare alikuwa ameketi nje ya ukumbi akichambua maharagwe kwenye sinia. Nekoye aliketi kando yake kwenye ngazi, akamweleza yote, akamsomea.

"Soma tena," mama alisema.

Alisoma tena.

"Hapo hakuna mahali tuko."

"Hakuna."

"Na hakuna jina."

"Hakuna. Lakini yule msichana atajua, Mama Wangare. Sitakudanganya."

Mama alitupa jiwe dogo, akatupa lingine. Ndani ya ukumbi mtoto mchanga alikuwa akilia na mtu akimbembeleza.

"Alikuwa anakula kwangu, huyo Cheptanui," alisema hatimaye. "Kila wakitoka mtoni. Viatu vyote matope, na anaingia navyo mpaka ndani." Alichanganya maharagwe kwa kiganja. "Kwa hivyo anaendelea kupima?"

"Kila Ijumaa."

"Peke yake."

"Peke yake."

Mama aliendelea kuchambua. Nekoye hakumharakisha, alikuwa amefurahi kuketi tu.

"Hiyo ni hesabu," mama alisema. "Tuma hesabu."

Nekoye aliandika meseji akiwa palepale kwenye ngazi, neno kwa neno, akaituma. Jibu lilikuja Jumatatu. Alimwita Wangare mapema kabla ya baraza la asubuhi, akamsomea nje ya stoo: *Cheptanui ametoa kumi kwenye zote. Anasema asante. Anasema pia paka yuko kwao, anakula.*

"Anakula nini?" Wangare aliuliza.

"Hajasema."

Wangare alifikiri kidogo. "Hapendi ugali mtupu," alisema, akaenda barazani. Jepkosgei hakuuliza tena kuhusu Wangare, wala Ijumaa hiyo wala zilizofuata.

Mwezi wa Aprili mjomba wa Wangare alipata nyumba ya vyumba viwili Kabazi, na familia ikahamia huko. Wangare aliaga darasa siku ya Alhamisi. Ijumaa Mburu aliketi mwenyewe kwenye kompyuta akaingiza kipimo cha juu, na hakuna aliyesema ni cha uongo.

Ripoti iliisha Julai. Haikuwa nzuri sana. Vipimo vya makundi matano ya juu vilikatika Novemba, na kuhusu swali la mwisho, kwa nini maji ya chini ni machache kuliko ya juu, watoto hawakukubaliana. Wa juu waliandika kwamba ardhi inayanywa njiani. Wa chini waliandika kwamba watu wa njiani wanayavuta kwa mashine. Nekoye aliacha majibu yote mawili. Kwenye ukurasa wa kwanza aliweka majina ya watoto wote walioanza kazi, wa shule zote mbili, kama yalivyokuwa mwaka wa 2007.

Jepkosgei alikuja Nakuru kuchukua nakala. Walikutana kwa Sarla, ambaye aliwaletea chai yenye tangawizi na kuwaacha. Jepkosgei alikuwa amekonda. Alipitisha kidole kwenye orodha ya majina ya darasa lake, akisimama hapa na pale.

"Walikuwa hamsini na wanane," alisema. "Nina thelathini na mmoja."

Nekoye aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Jepkosgei, yule mtoto…"

"Sijakuuliza."

"Najua."

"Basi acha hivyo." Jepkosgei alifunga ripoti. "Nakala ya kundi la nne wewe ndiye utaituma. Unajua inakotakiwa kwenda."

Walikunywa chai. Nje watu walikuwa wakinunua viazi kama watu wa siku yoyote. Jepkosgei aliuliza kama mwaka ujao wataendelea, maana darasa la tano la sasa limeanza kumsumbua likitaka zamu yake.

"Niulize nikishalala usingizi wa kutosha," Nekoye alisema.

"Utalala lini?"

"Sijui."

Jumamosi alipeleka posta nakala ya Kabazi. Jumatatu aligawa zilizobaki darasani, moja kwa kila kundi, na watoto wakaanza kuzivuta huku na huku, kila mmoja akitaka kuona jina lake kwanza. Nekoye aliketi kwenye meza yake na kuwaacha wagombane kidogo kabla ya kuwaambia wanyamaze.