Trekta Lililotema Gia

Tangu trekta la Darweshi lianze kutema gia, mkewe Vumilia hakutulia. Akianza kufua, anaacha nguo kwenye beseni na kutoka uani kusikiliza. Akienda kuchuma chai, mikono inachuma na masikio yako barabarani. Muungurumo wa trekta lile aliujua kama alivyokijua kikohozi cha mumewe. Likipanda lililalama, likishuka lilikoroma kwa sauti moja nzito. Sauti hiyo ikikatika ghafla, ujue gia ya pili imechomoka yenyewe, injini haizuii tena kitu, na tela lililojaa majani ya chai linalisukuma kwa nyuma.

Lilikuwa trekta kuukuu la kikundi cha wakulima, rangi yake nyekundu imebaki kwenye pembe tu. Darweshi alizunguka nalo vitongojini akikusanya viroba vya majani mabichi na kuvipeleka kiwandani, Mponde. Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mteremko wa shule, wenye kona kali, ambao upande mmoja una ukingo wa udongo na upande wa pili hauna kitu ila bonde.

Dawa ya Darweshi ilikuwa kipande cha mpira wa tyubu. Alifunga ncha moja kwenye mkono wa gia na nyingine kwenye chuma cha kiti, ukavutika, gia ikakaa.

"Hayo ndiyo matengenezo?" Vumilia alimuuliza.

"Unashika."

"Na siku ukikatika?"

"Nitafunga mwingine."

"Mwite fundi afungue aone ndani kuna nini."

"Nikilifungua leo, majani ya watu nani atayabeba? Yataivia kwenye viroba. Chai ikipungua, Vumi, nakuahidi."

Chai haikupungua. Mvua zilinyesha usiku, jua likatoka asubuhi, na machipukizi yakaja juu kama yanayovutwa.

Mchana mmoja tela lilikuwa limeshajaa, limeegeshwa nje ya nyumba, na Darweshi ameingia ndani kuswali. Vumilia alitoka kuwamwagia kuku pumba akajikuta amesimama kando ya trekta. Aliufungua ule mpira, akauvingirisha, akauchomeka katikati ya kuni. Akajiambia: hana mpira, haendi, asipokwenda, fundi ataitwa. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani, asije akaulizwa.

Ndoo haijafika nusu alisikia trekta likiwaka. Anapasha injini tu, alisema moyoni. Lakini sauti ikaanza kusogea. Aliacha maji yanamwagika akakimbia, na njiani akakutana na jirani yake, Shamsa, aliyekuwa anatoka kituo cha majani.

"Mumeo ana nini leo?" Shamsa aliuliza. "Kapita hapa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine kaung'ang'ania mkono wa gia!"

Vumilia alikata njia katikati ya mashamba ya chai, vichaka vinamkwaruza magoti, kanga imeanguka hakuiokota. Barabara inazunguka, yeye alishuka moja kwa moja. Alitokea juu ya kona kali wakati trekta linaingia.

"Simama! Darweshi, simama!"

Hakusikia. Vumilia alimwona akiuachia mkono wa gia ili ashike usukani kwa mikono miwili, kwa kuwa kona ile haikatiki kwa mmoja. Hapo hapo mkoromo ukakatika. Trekta likachukua kasi, breki zikalia, tela likalisukuma kuelekea bondeni. Darweshi aliunyonga usukani wote upande wa ukingo. Pua ya trekta ikajikita kwenye udongo, tela likajikunja, viroba vikatawanyika barabarani. Injini ikazima.

Alipomfikia, Darweshi bado alikuwa ameketi, mikono kwenye usukani, mdomo unavuja damu.

"Umeumia?"

"Sijui."

Alimpapasa mabega, mbavu, kichwa. Alikuwa mzima.

"Mpira nimeufungua mimi," alisema. "Nimeuficha kwenye kuni."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani mwingine angeufungua?" Darweshi alifuta damu kwa kiganja. "Nilikasirika. Nikasema, nitamwonyesha kwamba hata bila mpira nashuka."

Vumilia alitaka kumpiga, akataka kulia. Akaanza kuokota viroba.

Majani yalimalizia safari kwa pikipiki za watu, na trekta likakokotwa hadi uwanjani pao. Kesho yake akaja mzee Timotheo, fundi kutoka Bumbuli. "Shikamoo, mghosi," Vumilia alimwamkia, kwa jina la heshima wanaloitwa wazee huko, na mzee akaitikia huku ameshika spana. Alifungua kifuniko cha gia. Vumilia akapokea bolti moja moja kwenye sinia. Mzee akaingiza vidole kwenye oili nyeusi, akatoa gololi moja na vipande viwili vya springi.

"Springi hii huisukuma gololi ikae kwenye kishimo chake, gia isirudi," alisema. "Imekatika. Gololi inaelea tu."

Vumilia alivichukua vile vipande. Vyote viwili havikujaza kiganja. "Kumbe hiki?"

"Hiki. Na meno yamelika kidogo. Yatashika, lakini tela msilijaze pomoni."

Darweshi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta bisibisi.

Walitia springi mpya, wakakata gasketi kutoka kwenye boksi gumu, wakafunga, wakajaza oili. Timotheo alilijaribu mwenyewe na tela tupu, akashuka na kupanda, akaridhika. Alasiri wakapakia viroba, pungufu ya kawaida.

"Panda basi twende," Darweshi alimwambia mkewe. "Usikie mwenyewe."

"Nitasikia nikiwa kule."

Alitangulia kwa miguu, akaenda kusimama juu ya kona kali. Alisimama, akatembea, akarudi, akang'oa majani ya chai akayatupa. Trekta likaja likikoroma. Kwenye kona Darweshi alishika usukani kwa mikono miwili, na mkoromo haukukatika. Alipompita alipaza sauti kusema jambo, lakini injini ililimeza.

Vumilia alibaki pale hadi sauti ilipofifia upande wa Mponde. Kisha akaifunga kanga yake vizuri, akashuka shambani, akaanza kuchuma kwa haraka kama mtu aliyechelewa.