Mkate wa Uani

Tangu wageni wafike kutoka Yerusalemu, nyumba ya Matathia pale Antiokia iliingiwa na mdudu. Zamani waumini wote, Wayahudi na Washami, walikula chungu kimoja. Sasa Malkioni, mfua shaba Mshami, alipoinama kuingia kula, Matathia alimzuia kwa mkono kifuani.

"Wewe kaa uani."

"Uani? Nimekuwa mbwa lini?"

"Tangu ulipokikataa kisu. Tahiriwa, ushike Torati, ndipo uje tule. Kwa Mungu haingii mtu na govi lake."

Wageni wakacheka. Malkioni akageuka, uso umemwiva, akaketi karibu na tanuri la mkate.

Hogla, mama yake Matathia, aliyaona yote. Ajuza huyu hakuwahi kuvunja Sabato wala kuonja kilichokatazwa. Mumewe alipigwa mijeledi hadi kufa kwa kukataa nyama iliyotambikiwa sanamu. Lakini kunawa kote kule na kufunga kote kule hakukumtoa hofu moyoni, hadi alipomwamini Masihi. Na amani ile ile Malkioni aliipata vivi hivi, mikono ikiwa na masizi.

Akachukua mkate wake, akatoka.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kula na ndugu yangu."

"Ukila naye, usiguse tena vyombo vyangu. Baba alikufa kwa Torati hii, leo unaitemea mate?"

"Koma! Baba yako alikufa kwa kumpenda Mungu. Wewe unamdai Mungu wokovu kama kibarua anavyodai ujira. Kama kisu kinatosha kumpa mtu haki, Masihi aliangikwa msalabani kufanya nini? Nijibu, msomi!"

Matathia alitwaa bakuli la mama yake, akalibamiza kizingitini, vigae vikamrukia ajuza miguuni. Kisha akafunga mlango kwa komeo.

Malkioni aliinuka. "Bibi, mlango huu nauvunja."

"Keti ule."

Hogla hakurudi ndani. Aliishi kwa Malkioni hadi mauti, na Sabato aliendelea kuishika kwa mapenzi yake, bila kumlazimisha mtu. Siku ya maziko Matathia alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, akiwatazama wasiotahiriwa wakimbeba mama yake.

"Njoo ushike," Malkioni alimwita. "Ni mamako."

Matathia akatema mate chini, akaenda zake.