Amina Zilizotua Chamazi

Ijumaa ya pili ya Juni, saa kumi na dakika tano alasiri, Mwalimu Eufrazia alikuwa sebuleni kwake Chamazi, ungo mapajani, akitoa chuya kwenye mchele, wakati kabati la vyombo liliposema "Amina." Ilikuwa Amina ya watu wengi, mia nne hivi, wanaume kwa wanawake, na kikohozi cha mtu mmoja ndani yake. Glasi za wageni ziligongana kidogo. Alifungua kabati, akaona vyombo vyote viko sawa, akalifunga na kuurudia mchele wake. Baada ya dakika tatu ikaja nyingine.

Sauti hizo alizijua. Ilikuwa saa ya ibada ya Huduma ya Maombi ya Alasiri, ambayo siku hizi ina ukumbi wake Goba, upande wa pili wa jiji, lakini ilizaliwa hapohapo, kwenye mkeka, mbele ya kabati hilo, mwaka 2004. Walikuwa wanawake watatu: yeye, Tusajigwe muuza mitumba, na marehemu Margareta, ambaye mumewe alivunjika mgongo akipakua makontena Kurasini. Kila Ijumaa mmoja alisema shida yake, wawili wakaitikia. Watu wakaongezeka hadi viatu vikajaa barazani. Mwaka 2011 akaja Benson, kijana mwenye suti moja na sauti nzuri, na Eufrazia mwenyewe ndiye aliyempisha kiti. Miaka miwili baadaye Benson akawa Mtume Benson, huduma ikahamia Goba. Magoti ya Eufrazia yaliishindwa safari hiyo, na hakuna aliyerudi kuuliza yuko wapi.

Wiki hiyo ya Juni kamati ya historia ilikuwa imepitisha kijitabu cha maadhimisho ya miaka kumi na tano. Tusajigwe, ambaye bado alisali Goba, alimtumia picha ya ukurasa wa kwanza kwenye simu. Kijitabu kilisema huduma ilianzishwa na Mtume Benson mwaka 2011. Eufrazia alifundisha hesabu darasa la tano kwa miaka thelathini. Alitoa palepale, akaona miaka saba haipo. Alimpigia katibu wa kamati mara nne, na mara zote simu iliita mpaka ikakata.

Katibu alikuja mwenyewe Jumatatu, kwa bodaboda. Aliitwa Rogers, na suti yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Nimeona ulipiga mara nne, mwalimu, nikajua umesikia. Kuna ishu kule Goba. Watu wanaitikia, midomo inafunguka, ila sauti haitoki. Tumemwita fundi spika, kafungua miksa yote, kaifunga, bado."

"Zinatokea huku," akasema Eufrazia, akamwonyesha kabati.

Rogers alilitazama, akaandika kwenye daftari lake: kabati, Chamazi. "Afadhali zipo," akasema. "Tulidhani zimepotea kabisa."

"Niandikeni kwenye hicho kijitabu. Mstari mmoja tu. Mie, Tusajigwe na Margareta. Sitaki kingine."

"Nimelibeba hilo, mama. Nitalifikisha kwa Mtume."

Alhamisi kikaja kirikuu, kigari cha mizigo, na vijana wawili, wakalibeba kabati hadi Goba. Ijumaa kabati likakaa kimya mbele ya madhabahu, na Amina zikatoka Chamazi, kwenye ukuta mtupu, pale lilipokuwa limeegemea. Jumamosi wakalirudisha likiwa na glasi mbili pungufu. Hakuna aliyezitaja.

Basi kamati ikaamua kutumia simu. Rogers alileta simu mpya na kistendi chake, akamwelekeza Eufrazia: saa kumi kamili apokee, aiweke juu ya kabati, asiguse kitu. Goba waliiunganisha na spika. Amina zilichelewa sekunde mbili, na waumini wakazoea kusubiri midomo ikiwa wazi. Mambo yakaenda vizuri. Kila Ijumaa Eufrazia alipokea simu, akakaa kando yake hadi saa kumi na mbili, na akiuliza habari za ule mstari, Rogers alisema unashughulikiwa.

Jirani yake, Raudha, aliyekuja kuazima kinu, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Mwalimu, si uzime tu hiyo simu! Wakae bubu wiki mbili, uone kama hawajakukumbuka."

"Kuna watu mle wana wagonjwa, Raudha. Mtu anamwombea mwanawe, kisha kimya?"

"Basi watakutumia mpaka uchakae," akasema Raudha, akaondoka na kinu.

Eufrazia alijua hilo ni kweli, na lilimkera zaidi kwa kuwa kweli.

Kijitabu kilitoka Agosti, jalada la kung'aa. Mstari ulikuwepo. Ulisema kwamba zamani kidogo akina mama fulani walikuwa na mazoea ya kukutana huko Chamazi. Eufrazia aliyasoma maneno "akina mama fulani" akiwa amevaa miwani, akayasoma tena bila miwani. Hata hivyo alitoa kitenge sandukuni na kukipeleka kwa fundi, kwa sababu kadi ya mwaliko ilikuwa na jina lake, limeandikwa kwa kalamu.

Siku mbili kabla ya sherehe Rogers alipiga. "Mwalimu, tumewaza jambo. Ukija wewe huku, nani atabaki na simu?"

Kwa hiyo siku ya maadhimisho Eufrazia alivaa kitenge chake kipya akakaa sebuleni. Simuni alisikia kwaya, kisha mgeni rasmi, kisha Rogers akisoma historia, akiyatamka maneno vizuri: Mtume Benson, peke yake, bila msaada wa mtu, aliianzisha huduma hii.

Watu elfu mbili waliitikia, na nyumba ya Eufrazia ndiyo iliyosema. "Amina" ilitoka kabatini, ukutani na sakafuni, vumbi likadondoka darini. Alisikiliza kwa makini, kama alivyozoea kusikiliza darasa, na katikati yake akaitambua sauti ya Tusajigwe. Sauti ile ilimuuma kuliko kijitabu chote.

"Bado hatujasikia vizuri!" Mtume Benson akapaza sauti simuni. "Semeni Amina kubwa!"

Eufrazia aliinuka, akashika kistendi, akaisogeza simu karibu zaidi na kabati.